Tembo Alimkuta Baba Amekaa

Baba yangu Gabrieli alishindwa kumkimbia tembo.

Si kwamba aligoma. Pumzi ilimkatika, akakaa chini katikati ya shamba la kijiji kama mtu anayesubiri chai.

Ilikuwa mwaka sabini na tano, kijiji cha ujamaa jirani na Mikumi. Baba alikuwa kijana, amepeleka posa kwa kina mama yangu, Paulina. Jibu bado.

Shambani walilima kwa mstari, jembe kwa jembe. Ukisimama tu, unaitwa kupe.

Ila mwenye sigara aliruhusiwa kukaa mpaka kipisi kiishe. Msimamizi mwenyewe, mzee Oswald, alikaa kila mara, sigara mdomoni.

Baba akajiongeza. Akajifunza kuvuta. Baada ya muda akawa anapumzika zaidi kuliko anavyolima.

Ndipo siku hiyo tembo akatoka porini.

Watu mbio. Baba alifika mbali kidogo tu, kifua kikabana kama kimefungwa kamba. Katambuga moja, kiatu chake cha tairi, ikabaki kwenye tope.

Mama, aliyekuwa akilima mstari huohuo, akageuka, akarudi, akambeba mgongoni mithili ya mtoto.

Tembo wala hakuwa na habari nao. Alikuwa na mahindi yake.

Kule zahanati mganga hakumbembeleza. Alimwambia moshi unabana mishipa, damu inakosa hewa, na akiendelea, mafuta yataganda kwenye kuta za mishipa mpaka moyo ushindwe kusukuma damu.

"Kijana, una moyo wa babu yako."

Babu mzaa mama aliposikia, akataka kurudisha posa. Binti yake haolewi na mzigo.

Mama akasema, "Baba, mzigo nimeshaubeba. Aache sigara tu, nisije nikaubeba tena."

Baba akaacha. Babu akakubali, ila akaongeza mbuzi kwenye mahari. Ujira wa kubeba.

Kwa huruma, baba akaenda kumwonya msimamizi.

"Shikamoo mzee. Hiyo sigara itakuua."

"Marahaba. Ipi, hii?" Mzee Oswald akaichomoa nyuma ya sikio. Imekunjamana, rangi ya udongo. "Ninayo tangu tuhamie hapa. Nani alikwambia lazima uiwashe?"

Baba akakaa chini tena.

Kwa hiyo wewe unayevuta ili upumzike, pumzika tu. Moyo haujui kwamba wewe ulikuwa unatafuta pa kukaa tu.

Sigara zilimgharimu baba katambuga moja, mbuzi mmoja, na miaka yote hii ya mama kuwaambia wajukuu nani alimbeba nani.