Nilimtafsiria Papa uongo kambini

Admin, naomba ufiche jina langu na la kanisa letu, maana Wakongo wa hapa Minneapolis tunafahamiana karibu wote. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado niko shule. Ni mtu wa vitabu, na kuongea mbele za watu kunanishinda. Lakini nyumbani ni mimi ninayetafsiri kila kitu, kwa sababu Kiingereza cha baba yangu, Papa, ni cha kazini tu. Wiki mbili sasa nina hasira na sijamwambia mtu.

Papa anafanya usafi katika hoteli moja Bloomington. Mwaka jana mwenzake wa kazi alimwachia RV kuukuu, yale magari marefu yenye vitanda na jiko ndani. Majira yote ya baridi Papa aliitengeneza mwenyewe. Aliziba paa, akashona mapazia, akaipaka rangi kwa brashi. Mwezi huu ndipo tulipokwenda nayo mara ya kwanza kambini, mahali watu wanapopumzika na magari kama hayo, kando ya ziwa.

Kule kila gari lina kiwanja chake chenye namba, lakini hakuna ukuta wala kamba. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kizungu mwenye RV kubwa inayong'aa, zulia limetandikwa nje. Kila alipokwenda kuteka maji, Papa alipita katikati ya kiwanja cha yule mzee ili amsalimie. Kwetu, kumpita jirani kwa mbali kimya kimya ni kumdharau.

Asubuhi ya pili mzee aliniita mimi. Hakupandisha sauti. "Mwambie baba yako hapa ni nyumbani kwangu, si njia. Na kambi za maana hazipokei takataka kama hilo gari lenu. Mwambie."

Papa alikuwa amesimama palepale na ndoo yake, anatabasamu. Akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikamjibu, "Anasema karibuni, Papa. Anasema gari umelitengeneza vizuri."

Papa akamshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umwambie, Mungu ambariki. Umwambie tangu tufike Amerika, ni jirani wa kwanza kutukaribisha." Mimi nikamwambia mzee kwamba baba anaomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, akidhani yamekwisha.

Basi Papa akazidi kupita pale. Jioni Mama alichoma samaki, na Papa akampelekea mzee sahani imejaa, na bugali, ugali wetu, pembeni, akikanyaga zulia lake. Mzee aliipokea. Papa alipogeuka tu, nikamwona mzee kupitia dirisha la gari letu akikwangulia chakula chote kwenye pipa la taka. Sahani akaja kuiweka mezani kwetu.

Papa akaiinua atuonyeshe. "Mnaona? Hajaacha hata mwiba."

Namchukia yule mzee kwa ajili ya sahani ile. Lakini siku tuliyoondoka nilisoma karatasi ya masharti kwenye mlango wa bafu la kambi, nayo inakataza kukatiza kiwanja cha mwenzako. Papa wangu ni mtu wa kufuata masharti. Angeambiwa mara moja tu, angezunguka kambi nzima na ndoo yake. Mimi ndiye niliyemfanya aonekane hana adabu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jumapili alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa rafiki Mzungu. Sasa ameniagiza nimkodie kwenye kompyuta kiwanja kilekile kwa wikendi ijayo, kwa kuwa mzee hukaa pale mpaka majani yaanze kupukutika. Mama ameshanunua samaki, na mmoja mkubwa ametengwa kwa ajili ya mzee. Leo Papa ameniuliza mara mbili kama nimemaliza. Nimemwambia kompyuta inasumbua.

Wakubwa mnaosoma hapa, hasa ninyi akina baba, mngependa mtoto wenu awaambie ukweli wote, pamoja na habari ya pipa? Au nimwambie ya kukatiza kiwanja tu? Nijibuni kabla ya Ijumaa.