Turubai Juu ya Paa la Bi Odile

Bibi yangu, Odile Guidry, aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja hapa Louisiana bila kugonga hata kuku, na atakuambia hilo hata kama hukuuliza. Kila Ijumaa ya Kwaresima anachemsha kamba wa mtoni uani, na mtaa mzima unakuja kula. Kwa sababu ya yale masufuria ya moto, na watoto wanaokimbizana katikati yake, alikata bima ya mwavuli, ile inayokaa juu ya bima ya nyumba: mgeni akiumia kwako na gharama zikapita kiasi, yenyewe inabeba zilizobaki.

"Bila mwavuli sipiki," husema.

Machi hii ikaja barua. Kampuni ya bima ilipiga picha kutoka angani, ikaona turubai la buluu juu ya paa. Kwetu turubai la buluu maana yake kimbunga kimeng'oa vigae. Basi bima ya nyumba ingefutwa baada ya siku thelathini, na mwavuli nao uende, maana hausimami peke yake.

Paa lilikuwa zima. Turubai ni lile tunalotandika mezani tukila kamba. Bibi huliosha na kulianika juu ya banda la gari lililoungana na nyumba.

Ijumaa asubuhi wakala wa bima akamwambia kwa simu atume picha za paa lote. Bibi akaleta ngazi, akaanza kupanda. Jirani yetu Alcide akaja mbio, povu la kunyolea bado liko shavuni.

"Bi Odile, shuka! Ukianguka mwavuli haukulipi wewe, unalipa wageni tu!"

Bibi akasimama kipandio cha pili, akafikiri.

"Kweli. Basi panda wewe, mgeni."

"Mimi?"

"Ukivunjika unalipwa. Una bahati yako."

"Una roho mbaya, mama."

"Na leo utakula wapi?"

Alcide akapanda. Akapiga picha kumi na nne, tatu za kidole chake, akamtumia wakala. Kisha akaangalia chini, akakumbatia bomba la moshi, hakusogea tena.

Kabla ya saa sita simu ikalia, ni wakala. Bima inaendelea, na mwavuli pia. Ila kimbunga kikija, kiasi cha kujilipia mwenyewe kwanza, kabla kampuni haijatoa kitu, kimepanda mara mbili.

"Hawa nao!" bibi akasema akicheka, akabandika maji. "Alcide, shuka! Wamekubali!"

"Wamekubali wao. Miguu yangu bado."

Alishuka saa nane, kwa makalio, kigae baada ya kigae. Sahani ya kwanza ilikuwa yake.