Jini la Ukutani Siku ya Posa

Juzi nilikaa sebuleni kwa jirani yangu hapa Ndagoni, washenga wamekuja kumposa binti yake. Msiniulize nani alinialika. Ukutani baba mtu katundika pambo lake jipya: kitu kikavu chenye mabawa, mkia na meno, kimetoa macho kama kimefumaniwa.

"Hilo jini, lilinaswa kisiwani Juani," akajigamba.

Mkubwa wa washenga, mvuvi mzee, akalitungua, akaligeuza, akapitisha ukucha tumboni. "Jini gani? Huyu samaki taa, kakaushwa. Meno ya paka, yameshonwa kwa mshipi wa kuvulia." Akasimama, akatikisa kanzu. "Bwana, mtu anayeshona samaki akamwita jini, habari za binti yake tutaziaminije? Twendeni zetu."

Baba mtu akatazama mkeka. Ndipo nyuma ya pazia ikatoka sauti ya binti mwenyewe:

"Shikamoo babu! Mimi sijashonwa popote. Kaa unywe kahawa."

Mzee alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Marahaba, mjukuu wangu!" Akakaa, na posa ikazungumzwa.

Sisi tulifunzwa kuwa mwari anayeposwa hafungui kinywa. Huyu angetii, angebaki kwao akimfuta vumbi samaki wa babake.