Barua ya Bibi kwa watu wa tamthilia

Leo nimekaa kuandika barua ya ugomvi, nikaishia kuandika salamu.

Tamthilia yetu imekatishwa katikati. Watazamaji wa hapa Kwai tumekubaliana kila nyumba iwaandikie watu wa televisheni wairudishe.

Bibi anasema, mimi naandika.

"Anza na salamu."

Bibi, hawa si tunawagombeza?

"Unamgombezaje mtu hujamsalimia?"

Haya. Akawauliza afya zao. Akawaambia mvua imenyesha, viazi vinaendelea vizuri. Ukurasa umejaa, lawama hata moja hakuna!

Bibi, malalamiko je?



"Waulize tu, yule mama wa kwenye tamthilia, mwanawe alirudi?"

Jamani. Kitindamimba wake Bibi aliondoka hapa nikiwa mdogo. Mpaka leo kimya.

Nimeandika hivyo hivyo. Nyie mngeongeza nini?