Salma si Kijeba

Mwanaheri alifika shuleni na bahasha ya hospitali kwapani, amejifunga kibwebwe. Waliomjua pale Kiwalani walimpisha njia bila kumuuliza kitu.

Wiki mbili kabla, mwanawe Salma, wa darasa la tano, alitolewa uwanjani mbele ya wenzake. Timu ya netiboli ilikuwa inachujwa kwa mashindano ya wilaya, na Mwalimu Didas wa michezo alihofia kufungiwa kwa kuchezesha aliyedanganya umri. Mtoto wa miaka kumi na moja amzidi mwalimu wake kimo?

"Kijeba huyu!" alisema kwa sauti. "Akaolewe!" Wasichana wakaangua kicheko.

Mwanaheri alimpelekea cheti cha kuzaliwa. Didas akakigeuzageuza. "Mama Salma, hivi vinapikwa kila siku. Leta picha ya mifupa."

"Nitaleta. Na siku nikileta, utalimeza neno lako palepale ulipolitemea."

Hospitalini, picha ya kiganja na kifundo cha mkono ilionyesha mifupa ya mtoto wa miaka kumi na moja. Mwanaheri alishanyanyuka aondoke, Daktari Avelina akamwomba akae. Alimwambia Salma afumbate kidole gumba ndani ya ngumi. Ncha yake ikachomoza upande wa pili. Akampima mikono ikiwa imenyooshwa. Ilikuwa mirefu kuliko kimo chake. Kisha akampeleka kwenye kipimo cha moyo, kile cha kupakwa jeli kifuani.

"Baba yake yuko wapi?"

"Alianguka ghafla kazini akafa, Salma ana miaka miwili. Alikuwa mrefu hivihivi. Watu walisema karogwa."

"Hakurogwa, mama. Nadhani alikuwa na hiki alichonacho mtoto."

Daktari alimweleza taratibu. Ugonjwa huo unaitwa Marfan. Ni nadra, na mara nyingi hurithiwa. Nyuzi zinazoushikilia mwili huwa dhaifu, ndiyo maana mtoto hurefuka kupita kiasi, na mshipa mkubwa utokao moyoni huweza kutanuka. Wa Salma ulikuwa umeanza. Atakunywa dawa kila siku, moyo utapimwa kila mwaka, na netiboli ya mashindano basi.

Sasa, pale shuleni, Didas aliitoa barua ya daktari kwenye bahasha, akaisoma mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Kumbe hachezi. Basi yameisha, mama."

"Hayajaisha. Hachezi kwa sababu ya moyo, si kwa sababu ya uongo. Mie sikuja kuomba namba kwenye timu. Nimefuata lile neno."

"Nitamwita kando, nimwambie."

"Kwani ulimtukania kando?"

Kengele ya mstarini ikalia. Mwanaheri akaenda kusimama mbele, karibu na mlingoti wa bendera, akakunja mikono. Mwalimu mkuu alitangaza zamu za usafi, akatangaza mitihani, akamtazama, naye hakutikisika. Mwishowe Didas akasogea, akakohoa. Alisema Salma ana miaka kumi na moja, kwamba cheti chake ni halali, na kwamba aliyekosea ni yeye, mwalimu.

Hakuna aliyecheka.

"Salma," Didas akaongeza, akijaribu kutabasamu, "timu bado inakuhitaji. Utatuandikia magoli, sawa?"

Watoto wote waligeuka nyuma, alikosimama Salma. Mwanaheri alifungua kinywa ajibu, lakini binti yake alimtangulia.

"Sitaki, mwalimu. Nilitaka useme tu."