Software niliyochagulia notes zangu za programming baada ya binamu yangu kukata tamaa Mwamgongo

Wakuu, mwakeye! Ndivyo tunavyoamkiana huku Kigoma. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na furaha niliyonayo hata kuandika nashindwa vizuri.

Nina kibanda hapa Mwanga, Kigoma mjini, narusha nyimbo na movie kwenye simu za watu. Nikikosa mteja najifunza programming, na kila ninachokielewa nakiandikia notes kwa Kiswahili.

Msomaji wangu mkubwa ni binamu yangu Riziki. Alisoma computer chuoni, mama yake akaugua, akarudi kijijini kwao Mwamgongo, huko kando ya ziwa, kumuuguza. Juzi kati akaitwa usaili wa vitendo hapa mjini, atengeneze ukurasa wa web mbele ya wasaili. Tegemeo lake likawa notes zangu.

Basi nami nikajitia fundi, notes nikazijengea tovuti. CMS kubwa, yaani programu ya kuendeshea tovuti, database, plugins kibao, picha zinateleza zenyewe. Nikiifungua hapa kibandani inapendeza balaa!

Sasa nenda Mwamgongo. Mtandao kule ni wa kuokoteza, unapanda mlimani simu umeinyoosha juu. Riziki akanipigia, anasema anaona kiduara tu kinazunguka. Nikamwambia avumilie, utadhani uvumilivu unaongeza bando.

Usaili umekaribia, akaja Mama Shukuru, yule anayeleta dagaa mjini kwa boti. Watu wa kijijini humpa memory card zao aniletee nizijaze nyimbo. Safari hii na ya Riziki ilikuwemo.

"Kasema umtilie nyimbo tu," akaniambia. "Mambo ya usaili ameachana nayo."

Wakuu, iliniuma. Nikaichukua ile card niijaze nyimbo.

Halafu nikashtuka. Hivi, kama nyimbo zinafika Mwamgongo bila mtandao, notes zinashindwaje?

CMS nikaitupa hapo hapo. Nikatafuta programu ndogo tu: unaipa maandishi ya kawaida, inakutolea kurasa za HTML tupu. Hakuna database, hakuna kulogin. Folder lile lile unaliweka mtandaoni, na ukilinakili kwenye card linafunguka hata bila mtandao.

(Angalizo kwa mtakaojaribu: links zangu zilianza na slash, kwenye simu zikagoma. Andika jina la faili peke yake.)

Muda wote huo Mama Shukuru ananisonya, boti inamsubiri bandarini Kibirizi. Nikatia notes zote, na nyimbo chache juu yake ili Riziki asininunie.

Card ikaondoka na boti. Sikujua kama amefungua au anacheza muziki tu.

Siku ya usaili, mchana, simu ikaita.

"Kaka, wamenichukua. Notes zako zimenibeba."

Nilipiga kelele mpaka jirani fundi cherehani akatoka kuuliza nani kafunga goli. Riziki analia kule, mimi nalia huku, mteja anadai movie yake. Raha iliyoje jamani!

Nilichojifunza: kabla hujachagua software, jiulize msomaji wako yuko wapi na anashika simu gani. Mimi nilichagua ya kujifurahisha mwenyewe.

Jana Mama Shukuru kaleta card za vijana wengine wa kule. Wanataka kwanza zile notes alizotiliwa Riziki, nyimbo baadaye.

Nyie wenzangu notes zenu mnaziweka wapi? Shusheni hapa chini, nasoma zote, ila iwe kitu cha kuingia kwenye card.