Gavana ya Jenereta Namba Mbili

Melini walimwita Dada Testa, kwa sababu ile bisibisi ya kupimia umeme haikutoka mfukoni mwake hata akienda kula. Alikuwa fundi umeme pekee wa meli ile ya mizigo, mwaka wake wa tisa. Ufundi alifunzwa na baba yake, fundi mitambo wa meli aliyestaafu.

Asubuhi ya siku ya tatu baharini taa zilianza kufifia, zikang'aa, zikafifia tena. Alishuka chumba cha mitambo mbio. Jenereta namba moja ilikuwa imefunguliwa, ikingoja vipuri. Namba mbili ndiyo iliyobeba umeme wa meli nzima. Kwenye ubao wa umeme, sindano ya frikwensi, ambayo hutakiwa kutulia kwenye hamsini, ilishuka hadi arobaini na sita, ikapanda hadi hamsini na tatu. Volti ziliifuata kama mkia.

"Hizo ni volti zako, dada," alisema chifu, mhandisi mkuu, akishindana na kelele. "Kirekebisha volti kimekufa."

"Chifu, frikwensi ni mwendo wa injini. Injini ikiyumba, volti zitatulia vipi?"

"Nyie mafundi umeme, mkikwama tu, injini!"

Dada Testa alikitoa kirekebisha volti kazini, akashika volti kwa mkono. Frikwensi ikaendelea kucheza. Wakapunguza mzigo wa umeme, wakabakisha usukani na taa chache. Bado inacheza. Chifu akatazama sindano, akakohoa, akachukua spana mwenyewe.

Walibadilisha vichujio vya mafuta. Wakatoa hewa kwenye mabomba. Wakalainisha vyuma vinavyovuta pampu ya mafuta. Kufika saa saba mchana palibaki mshukiwa mmoja: gavana, kile kifaa kinachopima mwendo wa injini na kuipa mafuta kadiri inavyohitaji. Lakini gavana ile haifunguliwi ila karakanani, na ya akiba melini haikuwepo.

Chini ya sitaha kulikuwa na tani arobaini za samaki waliogandishwa. Kila kompresa ya friji ilipojaribu kuwaka, jenereta ilizidiwa, na pampu za usukani zikatishia kukatika.

"Zima friji," nahodha aliamuru. "Siwezi kupoteza usukani kwa ajili ya samaki."

Bandari ilikuwa mwendo wa siku mbili. Dada Testa alizima kwa mkono wake. Kipimajoto cha friji kilisoma kumi na nane chini ya sifuri. Jioni, kumi na mbili.

Akaomba simu ya setilaiti. Kaka yake alipokea nyumbani, akaiweka sikioni mwa baba yao. Tangu apatwe na kiharusi, mzee alibakiwa na neno moja tu.

"Baba, shikamoo. Frikwensi inapanda na kushuka. Vichujio vipya, hewa tumetoa. Ni gavana?"

"Ndiyo."

Kisha akajilazimisha kuuliza la pili.

"Au ni pampu ya mafuta, baba?"

"Ndiyo," alisema mzee, kwa sauti ileile ya upole. "Ndiyo, ndiyo." Halafu akaanza kulia, na kaka akachukua simu.

"Anajua unachouliza, mdogo wangu. Naona machoni. Jibu halitoki tu."

"Najua, kaka. Mfute machozi."

Siku ya mwisho kipimajoto kilikuwa kimeshavuka sifuri, naye hakuwa na cha kufanya. Alikaa kwenye kiti mbele ya ubao, akiisoma sindano kama mtu anayempima mgonjwa homa. Mpishi alimletea chai. "Kunywa, dada. Maji yakizidi unga, hata mimi huweka mwiko chini." Dada Testa alicheka kidogo, chai ikapoa.

Gatini, mafundi wa karakana waliifungua gavana. Springi ndani yake ilikuwa imelika. "Baharini usingeweza kitu," walimwambia.

Alishukuru, akapanda juu. Malori yalikuwa yameshapangwa kubeba samaki kwenda kufukiwa. Mwenye mzigo, mama mmoja wa makamo, alikuwa amesimama kando akiziba pua kwa mtandio.

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ndiye, mama."

Yule mama alimtazama, kisha akageuka kutazama malori. Dada Testa akasogea kando yake. Wakasimama pamoja mpaka lori la tatu likajaa.